Fonti Haikupatikana

Mwezi Agosti tasnifu ya mwanafunzi wangu ilirudishwa ikiwa na maelezo ya mistari miwili. Mstari wa kwanza ulisema kwamba maandishi ya kwenye grafu hayakufuata fonti iliyoagizwa na mwongozo, yaani Times New Roman. Wa pili ulisema kwamba majina ya miezi yalikuwa yamepandana na hayasomeki. Kuhusu maji ya Mto Katuma, ambayo binti huyo aliyapima kiangazi kizima cha mwaka uliotangulia, hapakuwa na neno hata moja.

Nilikuwa likizo nyumbani Mpanda. Naye kwao ni Makanyagio, hivyo hakuhitaji kunipigia simu. Alikuja mwenyewe asubuhi, kompyuta yake mpakato akiwa ameizungushia kanga isiingie vumbi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Karibu kiti. Mbona uso umekunjamana?”

Alinikabidhi karatasi bila kusema. Alikuwa amepewa siku saba za kufanya masahihisho. Zikipita, angesubiri mahafali ya mwaka unaofuata, na baba yake, mkulima wa tumbaku, alikwishauza mavuno ya msimu ule na fedha zilikwishapata kazi nyingine.

Niliposoma ile mistari miwili, hasira yangu ya kwanza ilielekea kwa waliorudisha kazi. Hasira ya pili, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya, ilinielekea mimi mwenyewe. Grafu zile nilikuwa nimeziona, na ukurasa wa idhini nilikuwa nimeutia sahihi. Zaidi ya hayo, mwezi Juni binti huyu alikuwa amenitumia picha ya skrini yake ikiwa imejaa mistari ya maonyo, akauliza kama kuna tatizo. Nilimjibu kwa sentensi moja: “Hayo ni maonyo tu, si makosa, endelea.”

Tulipofungua kompyuta, maonyo yalikuwa palepale, yakijirudia kwa kila neno lililochorwa. Kwa Kiingereza chake kifupi, programu ilisema kwamba familia ya fonti Times New Roman haikupatikana. Ilikuwa imesema hivyo tangu Juni, mara mamia, na sisi wawili, mwalimu na mwanafunzi, tuliipita kama watu wanaompita mgonjwa barabarani.

Nieleze kidogo kwa msomaji asiyeijua kazi hii. Grafu zile zilichorwa kwa Matplotlib, maktaba ya kuchorea grafu inayotumiwa pamoja na lugha ya Python. Aliyeianzisha ni John Hunter, Mmarekani mwanasayansi wa mfumo wa neva, aliyehitaji chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme wa ubongo ya wagonjwa wa kifafa. Aliitoa bure kwa yeyote aitakaye. Alifariki Agosti 2012, mwaka uleule ambao Katavi ilizaliwa kama mkoa kwa kumegwa kutoka Rukwa. Leo binti wa Makanyagio anachora kwa chombo hicho kina cha mto wa kwao bila kulipa hata senti moja.

Maktaba hii ina tabia ambayo kwa kawaida ni ya msaada. Ukiitaja fonti ambayo haimo katika kompyuta yako, haisimamishi kazi. Inatoa onyo, kisha inatumia fonti inayosafiri nayo ndani ya mzigo wake, DejaVu Sans, ambayo ndiyo fonti yake ya msingi tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017. DejaVu Sans ni fonti njema, yenye herufi za lugha nyingi. Lakini herufi zake ni pana kuliko za Times. Maneno “Septemba”, “Oktoba” na “Novemba”, yaliyokuwa yakitoshea vizuri chini ya grafu, yalipovalishwa herufi pana yalikanyagana. Ndiyo siri ya ule mstari wa pili wa maelezo: makosa mawili yaliyoandikwa yalikuwa kosa moja.

Basi kwa nini mwaka uliotangulia grafu zilitoka sawa? Nilimuuliza ni nini kilichobadilika. Akafikiri, akasema kwamba mwezi Mei fundi wa mjini aliiboresha kompyuta yote, mfumo endeshi wa Ubuntu pamoja na Python na maktaba zake. Hapo ndipo tulipopata mwanzo wa uzi. Fundi wa kwanza, yule wa chuoni, alikuwa amenakili faili za Times New Roman na kuzitumbukiza ndani ya folda ya Matplotlib yenyewe. Wengi hufanya hivyo, na hufanya kazi vizuri hadi siku ya kuboresha. Siku hiyo folda ya zamani hufutwa yote na mpya kuwekwa mahali pake, na kila ulichokificha humo huondoka nayo. Ni sawa na mpangaji aliyeficha akiba yake ukutani mwa nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akaja kuibomoa na kuijenga upya.

Tulijaribu kwanza njia inayopendekezwa na wengi: kupakua kifurushi cha fonti za Microsoft kilichotengenezwa kwa ajili ya watumiaji wa Linux. Kifurushi hicho hakibebi fonti zenyewe, huzifuata mtandaoni. Zikaanza kushuka taratibu, mtandao ukasuasua, bando likaisha katikati. Akaenda kununua jingine. Aliporudi, umeme ulikuwa umekatika. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo sisi wenyeji tunajua kungoja umeme bila kulalamika. Tulikunywa chai.

Katika kungoja huko nikakumbuka jambo lililopaswa kunijia mapema. Ipo fonti huru iitwayo Liberation Serif, iliyotolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 2007. Ilibuniwa makusudi ili kila herufi yake iwe na upana uleule wa herufi ya Times New Roman, hata ukibadilisha moja kwa nyingine mistari isisogee. Nayo kwa kawaida huja pamoja na LibreOffice, programu ambayo fundi alikuwa ameirudisha kwenye kompyuta ile siku chache baada ya kuiboresha. Kwa maneno mengine, tulichokuwa tukikifuata ng'ambo ya bahari kwa bando la kununua kilikuwa mezani petu.

Umeme uliporudi, binti alibadilisha mstari mmoja wa amri, akataja Liberation Serif, akaendesha. Onyo likatoka tena: haikupatikana. Tukafungua LibreOffice, na fonti ikawa inaonekana pale, inaandika bila shida. Programu moja inaiona, nyingine inaapa kwamba haipo, na zote ziko katika kompyuta moja.

Sababu ni hii. Matplotlib haipekui kompyuta nzima kila inapochora. Mara ya kwanza hukusanya orodha ya fonti zote ilizozikuta, ikaihifadhi katika faili, na baada ya hapo huisoma orodha badala ya kuangalia hali ilivyo. Orodha ya kompyuta hii ilikuwa imeandikwa baada tu ya kuboreshwa, kabla LibreOffice haijarudishwa. Fonti ilikuja baada ya sensa, kwa hiyo haikuhesabiwa.

Ushauri wa zamani, uliosambaa kila mahali, ni kutoa amri fulani ya ndani inayoilazimisha maktaba kuiandika upya orodha. Tulipoitoa, tukaambiwa amri hiyo haipo. Katika matoleo mapya imeondolewa. Njia iliyobaki ni nyepesi kuliko zote. Unaiuliza maktaba inahifadhi wapi kumbukumbu zake za muda kwa amri ya get_cachedir, unakwenda kwenye folda hiyo, unalifuta faili ambalo jina lake linaanza na fontlist, unaifunga Python na kuifungua upya. Inapokosa orodha, inalazimika kutazama tena. Tulifanya hivyo. Onyo halikutokea. Miezi ikakaa chini ya grafu kila mmoja mahali pake, kuanzia Januari hadi Desemba.

Kwa mwenye shida kama hii, naongeza mawili. Usifiche fonti ndani ya folda ya maktaba. Iweke katika folda ya fonti ya mfumo au ya mtumiaji, ambako haitafutwa maktaba ikiboreshwa, au uielekeze maktaba kwenye faili la fonti kwa amri ya addfont ndani ya programu yako. Na uandike mahali matoleo ya programu ulizotumia, ili siku mambo yakigeuka ujue yaligeuka lini.

Sasa nirudi kwenye lile linaloniuma. Times New Roman ilibuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kutumika humo mwaka 1932, ili maneno mengi yaingie katika safu nyembamba za gazeti. Gazeti lenyewe liliiacha mwaka 1972. Sisi, ambao hatukuwa na safu zile wala karatasi ile, bado tunaidai kwa wanafunzi wetu kana kwamba elimu haisomeki kwa herufi nyingine. Sina ugomvi na utaratibu. Tasnifu mia moja zenye sura mia moja ni mateso kwa msomaji. Ugomvi wangu ni pale utaratibu unapokuwa ndicho kitu pekee tulichobaki na uwezo wa kukikagua. Kupima ukubwa wa herufi hakuhitaji kuusoma mto.

Tena naitazama ile programu, naiona ina uaminifu ambao sisi hatuna. Ilipokosa ilichoombwa, iliweka kingine, lakini ilisema wazi imekosa nini. Taasisi zetu hubadilisha bila kutoa onyo. Shule inaomba mwalimu wa fizikia, anakuja wa somo jingine, na ratiba ukutani inaendelea kuandikwa “fizikia”. Kijiji kinaomba mtaalamu wa maji, kinapelekewa semina. Mwaka unapofungwa, taarifa inasoma kwamba mahitaji yalitimizwa, na anayeisoma hana namna ya kujua kwamba herufi anazoziona si zile zilizoombwa.

Na orodha ya zamani nayo tunayo. Miaka kadhaa baada ya Katavi kuwa mkoa, nilijaza fomu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Katika orodha ya mikoa, Katavi haikuwamo. Nilimweleza karani kwamba natoka Mpanda, mkoa wa Katavi. Akaniambia kwa upole, “Mzee, andika Rukwa, mfumo haukutambui.” Nikaandika Rukwa. Mtu mzima, mwenye kitambulisho mfukoni, nilikubali kuwa wa mahali ambapo orodha ilinitaka niwe. Karani hakuwa na kosa. Alikuwa akisoma orodha, kama Matplotlib. Tatizo ni kwamba hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kulifuta faili lile ili mfumo ulazimike kutazama tena.

Binti aliwasilisha tasnifu siku ya sita. Ilipokelewa. Hakuna aliyegundua kwamba herufi za kwenye grafu ni Liberation Serif na si Times New Roman. Nilifurahi kwa ajili yake na baba yake, kisha nikahuzunika kidogo, kwa sababu nilijua sasa kwamba hata kile kilichodaiwa kwa ukali hakikuwa kikitazamwa kwa makini.

Kabla hajaondoka kwangu siku ile, nilimwomba aniwekee grafu moja kwenye skrini, ile ya kina cha maji. Nilikuwa nimeitia sahihi bila kuisoma, nikaona haya kumwambia hivyo, lakini nilimwambia. Aliniangalia, akacheka kidogo, akanisomea mwenyewe. Mstari unashuka kuanzia Juni. Unashuka Julai na Agosti, wakulima wa mpunga walio juu ya mto wanapochepusha maji kwenda mashambani mwao. Oktoba unakaribia sakafu, na huko chini, ndani ya Hifadhi ya Katavi, viboko wanabanana katika madimbwi ya matope yaliyosalia, wakingoja mvua. Wakulima wale si maadui. Wanahitaji kula, na mpunga wao tunaununua sokoni Mpanda. Lakini mto ni mmoja, na mtu fulani lazima aseme unaishia wapi na mwezi gani.

Alikuwa amesema. Amepima, amechora, ameandika kwa Kiswahili majina ya miezi ili jumuiya ya watumia maji waweze kusoma bila mkalimani. Nilimshauri aichapishe grafu hiyo moja kwa ukubwa wa bango, aibandike katika ofisi ya kijiji alikopimia. Aliniuliza atumie fonti gani.

Nilimwambia atumie yoyote inayosomeka kutoka mlangoni.