Kioo cha Taa

Hapa Lubumbashi umeme hukatika mara nyingi, nami husahihisha madaftari ya wanafunzi wangu kwa taa ya mafuta. Usiku mmoja wa mwezi Juni, wakati wa baridi yetu, nilipandisha utambi mno, na kioo kikajaa masizi hata nisiweze kusoma.

Mama yangu husafisha vioo kwa majivu ya mbabula. Mimi, mtu wa seminari, niliyadharau majivu. Nikamimina javeli katika beseni, kisha nikaongeza siki, nikidhani dawa mbili zitashinda moja. Binti yangu wa miaka sita alikuwa ameinama kando yangu akitazama. Mara harufu kali ikatupanda puani, machozi yakatutoka, na mtoto akashikwa na kikohozi hata akakosa pumzi. Nikamnyakua, nikatoka naye uani. Tulikaa katika baridi, mke wangu amemfunika kwa kitenge, mpaka pumzi yake ikatulia. Asubuhi muuguzi aliniuliza nilichanganya nini. Nilijibu kwa sauti ndogo, maana ndimi nifundishaye kemia.

Javeli ilitokana na kazi ya Berthollet mjini Paris, mwishoni mwa karne ya 18. Ndani yake klorini imefungwa. Siki ni asidi, nayo huifungua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, waliko watoto. Ndiyo iliyoachiliwa na Wajerumani karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Dawa yenye amonia nayo isikutane na javeli kamwe. Tena taabu yangu ilikuwa bure: javeli hufanya nguo kuwa nyeupe na kuua vijidudu, lakini masizi ni kaboni, haiyayeyushi.

Basi mama akanionyesha, bila kunicheka. Kioo kipoe kabisa, kwa sababu kioo cha moto kikiguswa na maji baridi hupasuka. Majivu ya makala yachekechwe kwa kitambaa, punje za mchanga zisije zikakikwaruza. Lowesha karatasi ya gazeti, ichovye katika majivu, usugue ndani taratibu: majivu yana potasi, nayo hukata mafuta yaliyoshika masizi. Suuza, ukaushe vizuri kabla ya kuwasha. Mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kazi hiyo, maana majivu huwasha. Na utambi ukatwe sawasawa, mwali uwe mdogo. Huko ndiko masizi yanakoanzia.

Chupa ya javeli sasa iko juu ya kabati, peke yake. Nikiishusha siku ya kufua, binti yangu husimama mlangoni na kuuliza: «Baba, na ile nyingine iko wapi?»