PICHA LA KAUBOI LILIVYONIUMBUA BULONGWA!

Mpenzi msomaji, kama kuna kitu nilikuwa nakiona cha kizee hapa duniani basi ni picha za kauboi. Mtu na kofia lake, farasi, vumbi, halafu bunduki zinalia mpaka kichwa kinauma. Mimi ni mtu wa tamthilia za Kikorea na Kituruki bwana, nataka mapenzi, nataka majumba, nataka mama mkwe mwenye roho mbaya.

Basi Juni iliyopita nikapanda nyumbani Bulongwa nikitokea Makambako, ninakohangaikia maisha. Wanaoijua Makete mwezi wa sita wanakijua kimbembe chake. Baridi ya kule si ya sweta, ni ya blanketi. Ikifika saa moja usiku hakuna cha kijiwe wala nini, kila mtu na jiko lake la mkaa. Nikakimbilia kwa Babu mzaa mama, maana ndiye mwenye televisheni, na remoti anailalia chini ya mto.

"Mke wangu," akaniambia, ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mdogo, "leo tunaangalia picha la maana. Hao Wakorea wako wanaolialia utawakuta huko huko Makambako."

Akachomeka flashi aliyoletewa na binamu yangu. Picha likaanza. Halina rangi! Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Lenyewe linaitwa High Noon, la mwaka 1952. Aliyeliongoza ni Fred Zinnemann na steringi ni Gary Cooper, baba mmoja mrefu mwenye uso wa mtu anayeumwa tumbo. Hakuna cha Lufufu wa kututafsiria kama tulivyozoea kwenye mabanda ya video, kwa hiyo ikabidi nijikongoje na Kiingereza changu cha fomu foo na kumsimulia Babu. Yeye shida yake ilikuwa treni tu. Enzi za ujana alikuwa kibarua wa Tazara, ile reli ya kilomita 1,860 waliyotusaidia Wachina kuijenga kuanzia 1970, na stesheni ya Makambako huwa anaiongelea kama vile kaijenga peke yake.

Sasa sikia kisa. Will Kane ndiye mkuu wa usalama kwenye kimji kidogo. Siku ya harusi yake, hata keki haijaliwa, habari zinaingia kwamba Frank Miller, jambazi aliyemtia jela, ameachiwa na anakuja na treni ya saa sita mchana kulipa kisasi. Wenzake watatu wameshatangulia stesheni wanamsubiri. Kane anaanza kuzunguka kuomba watu wa kusimama naye. Baa wanamcheka. Rafiki yake mmoja anajificha ndani, anamtuma mkewe aseme hayupo. Kanisani wanamsifia weee, wanajadiliana, mwisho wanamshauri aondoke zake. Na saa ya ukutani inatembea. Picha lina dakika 85 tu, na muda wa hadithi unakwenda karibu sawa na saa yako ya mkononi.

Nilikuwa nasubiri risasi, risasi haziji. Chai yangu ikapoa, sikuigusa.

Kuna huyo bi harusi, Amy, kachezwa na Grace Kelly. Ni mtu wa dini, hataki damu. Anamwambia mumewe tuondoke, na kama hutaki, mimi napanda treni hiyo hiyo. Na kweli, akaenda stesheni.

Hapo ndipo aibu iliponishika, msomaji wangu, na ni lazima nikueleze kwa nini.

Mwaka 2018, matokeo ya fomu foo yakiwa yameshatoka, wakulima wa viazi wa kwetu walikaa kikao. Lumbesa ilikuwa imewachosha. Wewe wa mjini huenda hulijui hilo dude: ni gunia linaloongezewa kichwa juu mpaka linakuwa karibu moja na nusu, lakini mkulima analipwa gunia moja. Serikali inalipiga marufuku kila siku, na lipo. Wakakubaliana hakuna atakayeuza lumbesa tena. Aliyesimama na kulisema kwa sauti ni Mama yangu, mjane. Akapigiwa makofi.

Siku Fuso la mnunuzi lilipoingia, kila mtu akakumbuka shida zake. Huyu ada ya mtoto, yule deni la mbolea. Kufika saa nane mchana Fuso limejaa lumbesa za watu wale wale wa makofi. Mama kabaki peke yake kando ya magunia yake, kayashona sawasawa bila kichwa, sindano bado iko mkononi. Mnunuzi akamwambia, "Mama, hayo baki nayo."

Mimi je? Nilishamwomba, "Mama, uza tu, nataka nauli." Akatingisha kichwa. Nikabeba begi, nikamwomba dereva lifti, nikaondoka na Fuso lile lile hadi Makambako, nimekaa juu ya lumbesa za majirani. Sikugeuka nyuma. Viazi vya Mama vingine aliuza kwa debe, vingine vikaoza.

Tukirudi kwenye picha, Amy kakaa ndani ya treni, mara akasikia risasi ya kwanza. Akashuka mbio kurudi mjini! Babu akaruka kwenye kiti: "Mwanamke kashuka! Kashuka!" Mimi machozi yananitoka. "Unalia nini, steringi hafi!" akanipoza. Kweli hakufa. Mwisho alivua ile nyota yake ya kazi, akaitupa vumbini mbele ya wale waliomkimbia, akaondoka na mkewe bila kusema neno.

Baadaye nikasoma kwamba mwandishi wake, Carl Foreman, aliitwa mwaka 1951 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti. Alikataa kuwataja wenzake, akanyimwa kazi Hollywood, akahamia Uingereza. Kumbe na yeye alikuwa anajua kuachwa. John Wayne, bingwa wa makauboi, hakulipenda kabisa, na mwaka 1959 yeye na Howard Hawks wakatoa Rio Bravo kama jibu. Hapo mimi na Wayne hatuelewani. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1950 walichukua kofia na mikogo ya makauboi, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill. Mimi niliondoka na ile treni.

Asubuhi nikamkuta Mama jikoni anachambua viazi vya mbegu.

"Shikamoo Mama. Siku ile ya Fuso..."

"Mafuso ni mengi, mwanangu."

"Lile nililopanda."

Akaendelea kuchambua. Nikadhani hatajibu.

"Ulisahau sweta lako," akasema. "Nilikukimbilia nalo mpaka barabarani."

Msomaji, sikuwa na la kusema. Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua.