Jalada Lililovuka Namanga

Majalada ya ajali za barabarani huwa membamba. Kesi ya nyara za serikali inaweza kujaza mkoba mzima, lakini ajali iliyoua mtu mara nyingi hufika mezani ikiwa na ramani ya tukio, ripoti ya mkaguzi wa magari, ripoti ya daktari aliyeuchunguza mwili na maelezo ya mashahidi wawili watatu. Nilianza kazi ya uwakili wa serikali Arusha wakati mashtaka yakitolewa mikononi mwa polisi na kuhamishiwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, kufuatia sheria ya mwaka 2008. Nilipewa majalada ya trafiki, nikakaa nayo kwa hiari yangu hata nilipopewa nafasi ya kuyaacha. Barabara ya Arusha kwenda Namanga ilikuwa inaua watu ambao hawakuwa hata na gari: wachungaji, wanafunzi, akina mama wanaouza maziwa. Nani angewasemea?

Jalada ninalolikumbuka kuliko yote ni la kijana wa Longido aliyekuwa kwenye pikipiki yake, upande wake wa barabara, akielekea nyumbani. Lori lenye namba za Kenya lililipita lori jingine pasipo nafasi, likamkuta. Dereva alikamatwa, akaandika maelezo, akapewa dhamana. Siku ya kutajwa kesi hakutokea. Wadhamini walipobanwa walisema amekwenda kwao, ng'ambo ya mpaka, na hawajui atarudi lini.

Baba wa marehemu alikuja ofisini akiwa na fimbo na lubega lake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akakaa kimya muda mrefu.

"Mwanangu wakili," akasema, "ng'ombe wangu wanavuka ule mpaka kutafuta majani, hakuna anayewauliza. Nyinyi ni serikali mbili. Mnashindwaje na mtu mmoja?"

Lilikuwa swali la haki, na si yeye peke yake aliyeuliza. Watu wa Arusha wamezoea kuona mahakama kubwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mjini kwetu hadi mwisho wa mwaka 2015, na Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alikamatwa Nairobi mwaka 1997 akaletwa kushtakiwa hapa hapa. Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iko Arusha. Ndugu wa marehemu waliniuliza kwa nini kesi isipelekwe huko. Ilinibidi nieleze kwamba mahakama ile husikiliza mashauri yahusuyo Mkataba wa Jumuiya, haihukumu dereva aliyeua. Kwa dereva, hata ndani ya Jumuiya, njia ni ile ya nchi mbili kuombana mtu.

Kulikuwa na njia nyingine, na niliambiwa waziwazi. Namanga ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Tangu 2018 kuna kituo cha pamoja ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, lakini pembeni vichochoro ni vingi. Ofisa mmoja aliniambia dereva anaonekana sokoni upande wa pili. Asukumwe tu hatua chache, tumpokee. Vijana wa boma la marehemu walikuwa tayari kufanya kazi hiyo kabla jua halijazama.

Nilikataa, na nilikataa kwa moyo wote. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, watuhumiwa walichukuliwa Kenya wakapelekwa Uganda bila kupitia kwa hakimu, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema jambo lile ni kinyume cha sheria. Ukimwiba mtu kwa sababu unaamini ana hatia, kesho ataibiwa asiye na hatia, na wewe huna pa kusimama ukalalamika. Nilimweleza mzee hivyo. Hakufurahi, lakini aliwarudisha vijana wake.

Sheria ya Kenya ya kurejesha watuhumiwa, Sura ya 76, ina sehemu ya peke yake kwa ajili ya majirani. Hati ya kukamatwa iliyotolewa na mahakama yetu hupelekwa kwa hakimu wa Kenya. Akiridhika, huiidhinisha, na polisi wa Kenya wakapata nguvu ya kumkamata mtu kwa hati hiyo. Kisha anafikishwa mahakamani na kusikilizwa. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, kila karatasi hupita Dar es Salaam au Dodoma na kurudi, muhuri mmoja ukikosekana unaanza upya, na shtaka unalolitaja lazima ulichague vizuri, maana mtu aliyerejeshwa hushtakiwa kwa kosa lile aliloombewa.

Wakati tunangoja, nilikuwa nafuatilia kesi ya Harry Dunn, kijana wa Kiingereza wa miaka 19 aliyegongwa akiwa kwenye pikipiki Agosti 2019, nje ya kambi ya RAF Croughton, na gari lililokuwa upande usio wake. Dereva, mke wa mtumishi wa serikali ya Marekani, aliondoka nchini kwa madai ya kinga ya kidiplomasia. Uingereza iliomba arejeshwe. Januari 2020 Marekani ikakataa. Hukumu ilikuja Desemba 2022, kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa, naye akaisikiliza kwa video akiwa kwao. Nilimwonea uchungu mama wa Harry. Kwake karatasi zilikamilika, serikali moja ikasema hapana. Kwetu hakuna serikali iliyosema hapana. Kila kitu kilitegemea karatasi.

Na karatasi zilituokoa. Huko Kajiado, upande wa Kenya, alipokamatwa na kufikishwa mbele ya hakimu, dereva alidai kwamba si yeye aliyekuwa anaendesha, ni utingo. Jina kwenye leseni lilitofautiana kidogo na la kwenye kitambulisho chake, na wakili wake alilishikilia hilo kwa nguvu. Lakini askari kijana wa usalama barabarani aliyefika kwanza pale Longido alikuwa amenakili namba ya leseni, amepima alama za breki kwa futi ya mkono, na ameandika maelezo ya mama muuza maziwa aliyemwona mtu akishuka mlango wa kulia wa lori, pamoja na mavazi yake. Aliyaandika kabla umati haujakanyaga kila kitu. Hakimu aliyasoma, akaamuru dereva arejeshwe.

Nilikuwepo alipopokelewa kwa hati na sahihi, mchana kweupe. Kesi ilisikilizwa, akatiwa hatiani, akafungwa. Mzee alikaa benchi la mbele kila siku ya kesi, akimtazama.

Hukumu ile ndiyo mjane wa marehemu aliyoitumia kudai fidia kupitia Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya magari yanayovuka mipaka, ambayo Tanzania bado inaitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Nilihamishiwa Dodoma dai likiwa bado kwenye kampuni ya bima. Mzee ndiye aliyenipigia simu kunieleza kwamba limelipwa, na kwamba mkwewe amejenga nyumba ya bati kando ya boma, mbali kidogo na barabara.