Adapta ya kinanda

Najua nimepotea kidogo. Mitihani ilitubana, mfuko nao ulitoboka, na huku bwenini maji yanatoka yanapojisikia. Leo nimeamua kukaa chini niandike jambo ambalo nimelikwepa muda mrefu, maana linanihusu mwenyewe na wala halinipambi.

Mnaonifahamu mnajua kwamba napiga kinanda kanisani. Wengi mnadhani nilisomea mahali. Hapana. Mimi ni mtoto wa kijijini huko Ruvuma, na aliyenifundisha ni mzee mmoja mwalimu wa kwaya wa kigango chetu, ambaye naye alijifunzia kinanda cha kukanyaga kwa wamisionari Wabenediktini wa Peramiho. Wakati huo umeme kwetu ulikuwa wa kusikia redioni tu, kinanda cha kigango kilitegemea jenereta, na mafuta ya jenereta ni ya Jumapili peke yake. Basi Mzee alichukua boksi la sabuni, akalichana, akachora funguo zote, nyeupe na nyeusi, kwa kalamu na rula. Tukafundishwa kwenye boksi, watoto wanne. Unabonyeza karatasi huku unaimba mwenyewe do, re, mi. Ukikosea kidole, anakigonga na penseli.

Hakuchukua hata shilingi. Mama alimpelekea kuku siku moja, akamrudisha. Alisema tu, "Mwanangu akishajua, naye afundishe."

Nikafika chuo mwaka 2022, nikajiunga na wana-TMCS, nikaingia kwaya. Mpiga kinanda aliyekuwepo alikuwa anamaliza mwaka wake wa mwisho, kwa hiyo baada ya miezi michache nikabaki peke yangu. Jamani, sifa tamu! Watu wakaanza kuniita Fundi. Nikichelewa mazoezi, hakuna wa kunigombeza, maana bila mimi mazoezi hayaanzi. Harusi nazo zikaanza kuja, na mshiko wake ukanisaidia sana, sitaki kudanganya. Kulipwa kwa jasho lako si dhambi. Dhambi yangu ilikuwa kwingine.

Nikiwa mwaka wa pili alikuja binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mpole, sikio lake kali kweli kweli. Akaniambia, "Kaka, naomba unifundishe kinanda, hata nusu saa kwa wiki." Nikamjibu, "Usijali, tutapanga." Wiki iliyofuata nikamwambia nina asaimenti. Nyingine nikamwambia nina diskasheni. Mara ya nne akaniomba basi awe anajaribu peke yake baada ya mazoezi. Nikamwambia kinanda kina shida ya adapta, kitaungua.

Adapta haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa kwenye begi langu. Nilianza kuibeba kwa kisingizio kwamba itaibiwa, lakini ukweli nilikuwa naujua. Kinanda bila adapta ni meza tu. Kila usiku nililala na adapta ya kanisa chini ya kitanda changu, na moyoni nikajiona mtumishi wa Mungu.

Sasa ikafika Jumapili ya tarehe 19 Novemba 2023, Jumapili ya 33 ya Mwaka A, na Injili ilikuwa Mathayo 25, ule mfano wa talanta. Naujua tangu utotoni, nikasikiliza nusu nusu huku natafuta kurasa za wimbo wa matoleo. Padri akatoa hesabu ambayo sikuwahi kuisikia. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: ni kazi ya miaka kama 20. Kwa hiyo hata yule wa talanta moja hakupewa makombo. Alipewa utajiri, akauchimbia shimo.

Nikajiambia, mimi simo humo. Kipaji changu sijakifukia, nakitumia kila Jumapili mbele ya watu wote. Lakini Padri akauliza: kwa nini yule mtumishi alichimba shimo? Tumezoea kumwita mvivu, na bwana wake alimwita hivyo, ila yeye mwenyewe alipojieleza alisema aliogopa.

Hapo nikasimama kidogo. Mimi nilikuwa naogopa nini? Nilikuwa naogopa yule binti. Naogopa siku atakayopiga vizuri kuliko mimi, kwaya ikaacha kuniita Fundi. Nikaona kumbe mtu anaweza kukitumia kipaji chake kila wiki na bado awe amekifukia. Mimi sikuchimba shimo ardhini, shimo langu lilikuwa na zipu.

Mngetegemea niseme nilibadilika siku ile ile. Wapi! Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi Morogoro. Nikapanga kulala huko, nirudi alfajiri niwahi Misa, maana ile Jumapili ya tarehe 26 ilikuwa sherehe ya Kristu Mfalme na kwaya ilikuwa imejiandaa karibu mwezi mzima. Basi likaharibika njiani. Simu ikaanza kuita: mwenyekiti wa kwaya, mwalimu wa kwaya, mwenyekiti tena. Kinanda cha watu wengine kilikuwa kimepatikana? Hapana, kinanda chetu kilikuwa pale pale kanisani, kizima. Kilichokosekana ni adapta, nayo ilikuwa mapajani mwangu, kando ya barabara, kwenye jua.

Nilifika watu wanatoka. Waliimba bila kinanda. Mwenyekiti hakusema neno. Yule binti akaja akanisalimia, "Pole na safari, kaka." Basi. Bora angenitukana.

Jumanne yake nilimtafuta, nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya adapta yote bila kuficha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo tunaanza lini?" Tukaanza siku ile ile. Nikamchorea boksi la kufanyia mazoezi bwenini kwao. Nikamwonyesha pia Swahili Music Notes, ule mtandao ambao watunzi wa nyimbo za Kikatoliki wanaweka nota zao na yeyote anapakua bure. Nilikuwa nimepakua kutoka pale miaka mingi bila kujiuliza kwamba kila nota ni usiku wa mtu fulani aliyekubali kugawa.

Na kufundisha kukaniumbua. Akiniuliza kwa nini kidole hiki na si kile, nilikuwa sina jibu, ilibidi nirudi kujifunza upya. Mkono wangu wa kushoto umenyooka kwa sababu yake.

Mwaka 2024 alipiga Misa nzima kwa mara ya kwanza. Mimi nilikaa kwenye benchi na waumini. Nisiwadanganye, roho iliniuma. Alipokosea sehemu moja kwenye Utukufu, kuna kitu kibaya ndani yangu kilifurahi, na nikakiona, nikaona aibu. Lakini siku hiyo nilipokea Komunyo nikarudi nikapiga magoti kwa utulivu, bila kukimbilia kinanda. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimesali hivyo.

Katika wosia wake kwa vijana, Christus Vivit, wa mwaka 2019, hayati Papa Fransisko anatuambia tusiishie kujiuliza sisi ni nani, tujiulize pia tuko kwa ajili ya nani. Mimi nilikuwa na jibu la swali la kwanza tu: Fundi.

Na siongelei vinanda peke yake. Kuna mwenzetu anayeielewa hesabu kuliko mhadhiri lakini siku ya diskasheni simu haipatikani. Kuna mwenye nondo za mitihani iliyopita kazifungia kama dhahabu. Tunaogopana, jamani, kana kwamba Mungu alileta talanta chache.

Mzee wangu, kila nikimpigia, huwa ananiuliza, "Umeshafundisha wangapi?" Miaka yote nilimjibu niko bize na masomo. Baada ya ile Misa nikampigia mwenyewe, nikamwambia kwa kujidai, "Mzee, mmoja!" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza, "Na huyo mmoja, naye kafundisha wangapi?"

Sasa hivi wapo wawili, anawafundisha yeye. Adapta inakaa kabatini kanisani, na ufunguo anao katibu.

Haya, nakimbilia mazoezi. Mungu awabariki.