Koti la Tsoka

Nikiwaambia watu kwamba nimefanya staji kwenye tamasha la maigizo katika nchi ya kigeni, wanafikiri nilipanda ndege. Hapana. Nilitembea dakika kumi na tano kutoka nyumbani. Nchi ya kigeni ni hii hii Malawi, ninapoishi tangu nikiwa na miaka tisa, na tamasha ni Tumaini, linalofanyika hapa Dzaleka. Ng'ambo yenyewe, ile ya kuvaa viatu vizuri na kubeba karatasi, ilikuwa Lilongwe, kilomita kama 45 kutoka hapa.

Wasomaji wa kambini Tumaini wanalijua, lakini kwa wafanyakazi wa mashirika waliofika juzi niseme kidogo. Lilianza mwaka 2014. Aliyelianzisha ni Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki Mkongomani, ambaye wengi tunamwita Menes la Plume. Naye alikuwa mkimbizi katika kambi hii. Kuingia ni bure. Kuna muziki, ngoma, mashairi, maigizo, na wageni wengine hulala kwenye nyumba zetu, wanaoga maji ya ndoo na kula ugali wetu. Watu wengi wakirudi kwao wanasimulia muziki. Mimi nilipangwa kwenye maigizo, na kazi yangu ilikuwa ile isiyoonekana: kuhesabu viti, kutafuta vifaa, kuwaambia waigizaji "bado dakika tano" wakati mimi mwenyewe sina saa.

Kabla ya tamasha tulipata mafunzo ya siku chache. Mwalimu alitueleza habari za Edinburgh, mji wa Uskoti. Mwaka 1947 mji huo uliandaa tamasha kubwa la kimataifa. Vikundi vinane vya maigizo ambavyo havikualikwa vilikuja tu, vikatafuta kumbi zao pembeni na kucheza. Leo hilo tamasha la pembeni limekuwa kubwa kuliko lile lililoalika watu. Sisi tukapiga makofi. Kijana mmoja nyuma akauliza: "Sasa bale benye balikuja bila kualikwa, polisi haikubafukuza?" Tulicheka sana, mwalimu naye akacheka, lakini swali halikujibiwa.

Kikundi nilichopewa kilikuwa na vijana saba, na mchezo wao haukuwa wa kuchekesha. Familia inaitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mama na watoto wameandikwa. Bibi, aliyewalea wote, hayumo kwenye karatasi ya familia kwa sababu alifika kambini miaka miwili baada yao. Ofisa anauliza maswali yake kwa upole, hana ubaya wowote, na kwa upole huo huo bibi anabaki. Kila mmoja wetu anamjua bibi kama huyo. Ndiyo maana mazoezi mengine yaliishia watu wanakaa kimya.

Shida ilikuwa ofisa. Kijana aliyecheza nafasi hiyo ni jirani yetu, anauza vocha za simu, na akiwa na fulana yake ya mpira hakuna mtu angemwogopa. Ofisa bila koti ni jirani tu. Basi nikatumwa Lilongwe kutafuta koti.

Hapa lazima nieleze karatasi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka mipaka yake kwenye mambo kadhaa, yakiwemo kazi na uhuru wa kutembea. Kwa hiyo kutoka kambini kunahitaji ruhusa. Mwaka 2023 serikali ikaagiza wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini warudi Dzaleka, na wengi walirudi na magodoro yao, wengine baada ya maduka yao kufungwa. Tangu hapo, mtu anayekwenda mjini anashika ruhusa yake kama mgonjwa anavyoshika kadi ya kliniki. Yangu ilikuwa ya siku mbili. Kwenye sababu ya safari waliandika kununua vifaa. Nilitamani waandike kuona mji, maana na hilo lilikuwa kweli.

Basi dogo lilipita Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege wa Kamuzu, na mbele kidogo mji ukaanza bila kutangaza. Lilongwe ni mji wa ajabu. Umekuwa makao makuu tangu 1975, zamani yalikuwa Zomba, na mitaa yake ina namba badala ya majina: Area 2, Area 3, Area 25. Namba zilifuata zamu ya kujengwa, wala si ujirani, kwa hiyo ukijua ulipo Area moja bado hujui inayofuata iko wapi. Mtu aliyekulia kambi yenye zoni na namba za nyumba anajisikia nyumbani kidogo. Kati ya mji wa zamani na mji mpya wa ofisi kuna msitu kabisa, na nilitembea pembeni yake nikitazama miti tu, bila mtu kuniuliza chochote. Sikumbuki mara ya mwisho nilitembea saa nzima bila kusalimia mtu ninayemjua.

Halafu Tsoka. Kwa Kichewa neno hilo maana yake ni balaa, bahati mbaya, na sijui nani alikubali soko liitwe hivyo. Ni mji wa zamani, kando ya mto Lilongwe. Kuna madaraja ya mbao ambayo watu wenyewe wameyafunga, na ukivuka unalipa pesa ndogo kwa aliyekaa mwishoni. Nililipa, mbao zikalia chini ya miguu, nikafika kwenye marundo ya kaunjika, ile tunayoiita mitumba, yamepanda hadi kifuani.

Koti nililipata rundo la tatu. La kijivu, vifungo viwili, mfuko wa ndani umechanika. Muuzaji alikuwa baba mtu mzima.

"Achemwali, hilo ni la mume wako?"

"Hapana, baba. Ni la ofisa wa uongo."

Nikamweleza mchezo kwa Kichewa changu cha sokoni. Alisikiliza huku anakunja suruali. Akauliza bibi alifanya nini baada ya hapo. Nikamwambia ndipo mchezo unapoishia. Akapunguza bei bila mimi kuomba, akauliza tamasha ni lini. Halafu: "Sasa mimi nikitaka kuja, nahitaji karatasi gani?"

Nikamwambia hakuna. Unapanda basi, unateremka, unaingia. Alitingisha kichwa akaniwekea koti kwenye mfuko mweusi. Mimi nilikuwa na ruhusa kwenye sidiria, imelowa jasho.

Siku ya mchezo tulipewa uwanja mdogo, na jukwaa kubwa la muziki lilikuwa karibu mno. Besi ilikuwa inameza maneno. Waigizaji wakafanya kitu ambacho hatukukipanga: walishuka katikati ya watu, na watu wakasogea wakafunga duara, Wakongomani, Warundi, wanakijiji wa jirani, wazungu wawili na kamera zao. Lugha tulikuwa tumeshaitatua. Ofisa anasema Kiingereza, mkalimani anamtafsiria bibi kwa Kiswahili, kisha anageukia watazamaji na kulalamika kwa Kichewa kuhusu kazi yake. Kambini mkalimani yuko kila mahali, hakuna aliyeona ni ujanja.

Ofisa alipofunga faili, mama mmoja mbele akapaza sauti: "Mwandike na bibi! Kalamu si unayo?" Wengine wakaitikia. Kijana wa vocha alisimama na koti lake la kijivu, hajui afanye nini, maana ofisa hawezi kuandika na jirani hawezi kukataa. Akatoka kimya. Nafikiri huo ulikuwa mwisho mzuri kuliko wetu.

Muuzaji wa Tsoka nilimtafuta kwenye watu siku zote tatu. Kama alikuja, hatukuonana.

Baadaye mgeni mmoja aliniambia tamasha linabomoa ukuta kati ya kambi na mji. Alisema kwa moyo mweupe, na siku hizo tatu ninazipenda kuliko Krismasi. Ila kwa siku tatu mji unakuja kwetu bila kuulizwa kitu, na siku ya nne mimi narudi kuomba ruhusa.

Sasa kuna mwalimu wa Lilongwe aliyeona mchezo na anataka tuuchezee wanafunzi wake. Ruhusa zinahitajika nane, saba za waigizaji na moja yangu. Orodha tumeipeleka Jumatatu. Anayecheza bibi tumemwandika wa kwanza.