Mwongoza Picha Aliyetunga Muziki

Wengi waliopata kulisikia jina la Satyajit Ray wamelisikia kwa sababu ya picha zake za senema, hasa ile ya kwanza, Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955. Ni wachache wanaojua kwamba tangu mwaka 1961 hata alipofariki dunia tarehe 23 Aprili, 1992, mtu huyu hakumwachia mwingine kazi ya kutunga muziki wa picha zake ndefu za hadithi. Aliutunga mwenyewe. Hakuwa amehitimu muziki katika chuo chochote, wala hakuwa mpigaji wa kusifiwa wa ala yoyote. Ilhali Bara Hindi ilikuwa na mabingwa waliokuwa wakishangiliwa katika miji mikubwa ya dunia. Tena mabingwa hao alikwisha fanya nao kazi. Basi kwa nini aliwaacha? Swali hili si la wadaku wa senema peke yao. Linamgusa kila mwenye kushika kalamu au burashi: ni sehemu gani ya kazi yake mtu aweza kuwakabidhi wenziwe, na kazi ikabaki kuwa yake?

Ray alizaliwa Calcutta mwaka 1921, katika nyumba ambamo sanaa hazikuwa zimetengwa kwa kuta. Babu yake, Upendrakishore, aliyekufa mwaka 1915, aliandika hadithi za watoto, alichora, alikuwa na ujuzi mkubwa wa kupiga chapa picha, na alipiga fidla. Baba yake, Sukumar, alikuwa mtunzi wa mashairi ya kuchekesha ambayo watoto wa Kibengali wanayajua kwa moyo hata leo. Akafa mwaka 1923, mwanawe akiwa na umri wa miaka miwili tu na ushei. Mama mjane alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Jamaa hao walikuwa wafuasi wa Brahmo Samaj, madhehebu ambayo ibada yake haiwi bila nyimbo, na nyimbo nyingi za ibada hiyo zilitungwa na Rabindranath Tagore. Kwa hiyo mtoto yule alizisikia nyimbo kabla ya kujua maana ya maneno yake.

Alipokuwa kijana, mapenzi yake yakageukia upande usiotarajiwa. Alianza kununua sahani za santuri za muziki wa Ulaya: Beethoven, Mozart, Bach. Mwaka 1940 alikwenda Santiniketan, katika chuo cha Tagore, kujifunza uchoraji, na huko alimkuta mwalimu mmoja Myahudi kutoka Ujerumani mwenye akiba ya sahani kama hizo. Ray alijifunza mwenyewe kuzisoma alama za muziki wa Kizungu, akizifuata kwa macho karatasini huku masikio yakisikiliza santuri. Hii ndiyo shule yake ya muziki, na hakuwa na nyingine. Yafaa kulikumbuka jambo hili, maana muziki wa Ulaya una umbo la mjengo: una mwanzo, unakwenda, unageuka, unarejea, unakoma. Muziki wa kale wa Bara Hindi una njia nyingine. Mpigaji huikalia raga moja kwa saa nzima akiichimbua polepole, wala haoni sababu ya kuharakishwa na mtu. Picha ya senema, kwa bahati mbaya au njema, ina saa yake, na saa hiyo haimngoji mpigaji.

Muziki wa Pather Panchali ulitungwa na Ravi Shankar, bingwa wa sitari. Alikuwa na safari nyingi, akapata kutazama sehemu tu ya picha hiyo, na karibu muziki wote ulitungwa na kunaswa katika kikao kimoja kilichokesha mpaka alfajiri. Watu walitunga papo hapo, wakapiga, wakanasa, wakaendelea. Kulipopambazuka yalionekana mapengo, na inajulikana kwamba Subrata Mitra, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamera, alipiga sitari mwenyewe ili kulijaza pengo la pale muuza vitamutamu anapopita na watoto wakimfuata nyuma. Kikao kama hicho kingeweza kuzaa balaa. Kilizaa muziki ambao haujasahaulika.

Iko sehemu moja inayostahili kutajwa kwa kirefu. Baba wa watoto, Harihar, amerudi nyumbani baada ya miezi mingi ya kutafuta riziki. Anatoa zawadi mkobani, moja baada ya moja, na miongoni mwao mna sari ya binti yake Durga. Hajui kwamba Durga amekwisha kufa. Mama anaishika sari ile, anaiuma, kisha anaangua kilio. Lakini mtazamaji hasikii kilio cha mwanamke. Mahali pake pamewekwa sauti ya ala iitwayo tar shehnai, chombo cha nyuzi kipigwacho kwa upinde kama fidla, kilichotiwa pembe mfano wa ile ya santuri ili sauti yake ipae. Mpigaji alikuwa Dakshinamohan Tagore. Kinywa cha mama kimefumbuka, na kinachotoka ni sauti hiyo kali ya juu. Muziki ule ni kazi ya Ravi Shankar. Hukumu ya kukiondoa kilio na kuuweka muziki mahali pake ni ya Ray. Hapo yaonekana kwamba mwongozaji huyu alikuwa akifikiri kama mtungaji kabla hajaandika hata sauti moja.

Taabu ilianza kuonekana katika Jalsaghar, yaani Chumba cha Muziki, ya mwaka 1958. Ni hadithi ya mwinyi mmoja wa shamba ambaye mali yake inaliwa na mto na madeni, naye, badala ya kuokoa kilichobaki, anakitumia kuwaalika waimbaji na wacheza ngoma nyumbani kwake, asipitwe na jirani yake tajiri mpya. Mle mnaonekana wanamuziki wa kweli, kama Begum Akhtar, wakiimba mbele ya kamera. Mtungaji alikuwa Vilayat Khan, fundi mwingine wa sitari. Kazi yake ni nzuri. Ila Vilayat Khan alitoka katika ukoo wa wapigaji waliolelewa na mabwana wa namna hiyo hiyo, akamwonea mwinyi yule huruma na kumvika utukufu. Ray alitaka muziki wenye ubaridi kidogo, usioinama mbele ya bwana wala kumcheka. Baadaye alisema wazi kwamba muziki ule haukuwa vile angalivyochagua mwenyewe. Aliyekosa ni nani? Hakuna. Ni watu wawili walioisoma hadithi moja kwa mioyo miwili, na senema haikuwa na nafasi ya mioyo miwili.

Baada ya Devi ya mwaka 1960, ambayo muziki wake ulitungwa na Ali Akbar Khan, fundi wa sarodi, Ray akakata shauri. Sababu alizozitoa ni mbili, na zote za kweli. Ya kwanza ni kwamba mabingwa hao walikuwa watu wa safari, na kuwapata kwa wakati ilikuwa kama kumngoja mgeni asiyetaja siku. Ya pili ni nzito zaidi: fikira za muziki zilikuwa zikimjia mwenyewe tangu alipokuwa akiandika hadithi, na mtungaji mwenye heshima yake hapendi kuambiwa apige hivi, akome pale. Kumwamuru bingwa ni kumvunjia heshima, na kunyamaza ni kuiharibu picha. Mwaka 1961, katika Teen Kanya, yaani Mabinti Watatu, iliyojengwa juu ya hadithi tatu za Tagore katika mwaka wa kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, jina la Satyajit Ray likaandikwa kwa mara ya kwanza mahali pa mtungaji wa muziki.

Asidhani mtu kwamba kazi ilimwia nyepesi. Ray mwenyewe alieleza kuwa katika hatua zote za kutengeneza picha, hii ya kuugawa muziki kwa ala ndiyo iliyomtaka uangalifu kuliko zote na kumtia uchungu. Alipiga mbinja, alitafuta sauti juu ya piano, aliziandika kwa alama za Kizungu na tena kwa alama za Kibengali, kwa kuwa wapigaji wake walikuwa wa shule mbili na kila mmoja alisoma maandishi yake. Fidla ya Ulaya na sitari zikaketi chumba kimoja. Mtu aliyesomea angeifanya kazi hiyo kwa wepesi; yeye alilipa kwa jasho kile ambacho wengine walilipa kwa karo.

Malipo yake yalionekana katika Charulata ya mwaka 1964. Mke kijana wa mwenye gazeti, katika Calcutta ya karne ya 19, anazunguka peke yake ndani ya nyumba kubwa, akiwatazama wapita njia kwa darubini ndogo kupitia mbao za madirisha. Halafu anafika Amal, binamu wa mume, na moyo wa mke unaamka. Muziki umejengwa juu ya nyimbo za Tagore, na mmoja wao, ule ambao Charu anauimba bustanini akipembea, ni wimbo ambao Tagore mwenyewe aliutwalia sauti yake katika wimbo wa kale wa Scotland. Yaani sauti ya Scotland ilikwenda Bengal ikavaa sari, na hakuna aliyeiona ngeni. Ray hakuupamba. Aliuvunja vipande, akavirudisha kimoja kimoja, kwa ala hii mara kwa ala ile, ili mtazamaji akumbuke bustani hata pale Charu anapokuwa amekaa kimya chumbani. Hapa ndipo sahani za Mozart zilipozaa matunda. Ray aliihesabu picha hii kuwa ndiyo ambayo, kama angeambiwa aifanye upya, angeifanya vile vile.

Lakini haki itendeke pia kwa upande wa pili. Katika muziki wote ambao Ray aliutunga kwa miaka 30 hakuna kitu kinachochoma kama ile tar shehnai ya mwaka 1955. Muziki wake una adabu, unajua mahali pake, hauongezi neno pasipo haja. Na adabu nyingi wakati mwingine ni umaskini. Ravi Shankar hakuijua picha vema, na kwa kutoijua aliitia kitu ambacho mwenyewe Ray asingalikifikiri. Mtu anapofanya kila kitu kwa mkono wake, hupata picha isiyo na ugomvi ndani yake, lakini huukosa ugeni ule unaoletwa na mtu wa pili. Ray aliujua ubadilishanaji huu, akauchagua.

Wako watakaouliza: je, picha za Bara Hindi si zote zimejaa nyimbo? Watu wa Unguja na Mombasa walizipenda kwa miaka mingi picha za Kihindi kutoka Bombay, na baadhi ya sauti za nyimbo zake zilichukuliwa na watungaji wa taarabu na kutiwa maneno ya Kiswahili. Ila hizo ni jamii nyingine. Ray alipiga picha zake kwa Kibengali, isipokuwa chache, na kwa muda mrefu alizuia wimbo usikatize hadithi bila sababu.

Mwaka 1969 akaja na Goopy Gyne Bagha Byne, na mlango ukafunguka. Hadithi yake ilikuwa ya babu yule mpiga fidla. Goopy ni kijana mwenye sauti mbovu, anafukuzwa na mfalme akiwa juu ya punda kwa kosa la kuimba. Msituni anamkuta Bagha, mpiga ngoma aliyefukuzwa kwa kosa la kupiga ngoma. Mfalme wa mizimu anawapenda, anawapa tunu tatu, na mojawapo ni kwamba wakiimba na kupiga, kila asikiaye atapigwa na butaa asiweze kunyanyua mguu. Maneno ya nyimbo ni ya Ray, sauti zake ni za Ray, na ile sauti nyembamba ya mfalme wa mizimu ni ya Ray mwenyewe, iliyonaswa kisha ikaharakishwa. Ngoma ya mizimu inachukua dakika 6 hivi, na haina wimbo hata kidogo: ni ala za kugonga na kutetemesha kutoka kusini mwa Bara Hindi, kati yake mtungi wa udongo na chuma kidogo kichezeshwacho mdomoni, nazo zinawatenga mizimu kwa matabaka yao, wafalme, watu wa kawaida, Wazungu na wanene. Nyimbo za picha hii ziliingia vinywani mwa watoto wa Bengal. Mtu aliyekuwa akitunga kwa uchungu amekuwa mtungaji wa watoto!

Pengine ndiyo maana mwaka 1977, katika Shatranj Ke Khilari, alimtendea kwa upole Wajid Ali Shah, mfalme wa Awadh aliyenyang'anywa ufalme na Waingereza mwaka 1856. Waingereza walimdharau kwa kuwa alitunga nyimbo na kucheza dansi badala ya kutawala. Ray haufichi udhaifu wake wa utawala. Ila anampa nafasi ya kuimba, na uso wa mfalme aimbapo si uso wa mpumbavu.

Ray alitunga pia kwa ajili ya wengine: Shakespeare Wallah ya James Ivory, mwaka 1965, na picha za mwanawe Sandip. Mwaka 2007, miaka 15 baada ya kifo chake, Mmarekani Wes Anderson alitengeneza The Darjeeling Limited, habari ya ndugu watatu wanaosafiri kwa gari la moshi katika Bara Hindi, akaomba muziki wa picha za zamani za Ray autumie humo. Basi ile sauti iliyotungwa kwa ajili ya Charu, peke yake katika nyumba ya Calcutta, sasa husikika katika safari ya wanaume watatu wasiomjua, na wengi wanaoisikia hawajapata kuiona picha iliyozaliwa pamoja nayo.