Kumhurumia mtu aliyekudhulumu

Jumapili moja mama alinipigia simu. Baada ya salamu akasema, "Nenda ukamwone baba yako mdogo. Anaumwa." Nikanyamaza. Naye akanyamaza, salio linakwisha. Mwisho nikamwambia kazi zimenibana. Akanijibu, "Mwanangu, sijakuuliza habari za kazi."

Ngoja niwaeleze huyu baba mdogo ni nani. Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Kikao cha ukoo kikampendekeza mdogo wake awe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Kwa sheria, msimamizi siyo mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni, kuwagawia wanaostahili, kisha kurudisha hesabu mahakamani. Yeye hakugawa hata kijiko. Sisi tuliambiwa tuhame, nyumba akaipangisha, kodi akawa anakula peke yake. Tuliondoka na cherehani ya mama na magodoro mawili. Elimu yangu mpaka chuo kikuu imetokana na vitumbua na kushona sare za shule. Mama amefungua shauri la kutengua usimamizi wake, na shauri bado linaendelea.

Basi nikaenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Nilikuwa na hotuba kamili, ndugu zangu!

Nikamkuta kwenye chumba kimoja, madirisha yamefungwa mchana wa joto. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umetumwa na mama yako uje kuangalia karatasi?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Nilimpelekea machungwa. Akayahesabu moja moja, kisha akayasogeza chini ya kitanda ili binti anayempikia asiyaone. Sukari ameifungia kwenye sanduku la bati, na ufunguo kauvaa shingoni. Akaniambia watoto wake hawaji kumwona, na wakija wanakuja kuiba. Wapangaji wezi. Daktari naye mwizi.

Ile hotuba yangu ikanikauka mdomoni. Siyo kwamba aliniomba msamaha. Hakuniomba, na sidhani kama ana mpango huo. Ila nilimwona mtu ambaye hawezi kula chungwa kwa amani. Miaka yote nilidhani yeye ndiye aliyefaidi na sisi ndio tulioumia. Kumbe sisi tulikuwa tunalala chumba kimoja, watano, na tunacheka. Mtu aliyezoea kuchukua vya wenzake anaishi akisubiri vyake vichukuliwe. Uchoyo nao ni ugonjwa, tena mgonjwa wake hajui kama anaumwa.

Nimesali Baba Yetu tangu utoto. Lakini pale kwenye kusamehe nilikuwa napita haraka, kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Siku ile nilirudi nyumbani nikapiga magoti, nikajaribu kumtaja kwa jina. Ilikuwa ngumu. Nilianza kwa kumwombea apate usingizi. Hilo ndilo pekee nililoweza kuliomba bila unafiki.

Kesho yake nikamsimulia mwenzangu wa chumba cha habari, ambaye ni Mwislamu. Akanikumbusha hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtume alifundisha kwamba ndugu yako umsaidie, awe amedhulumiwa au awe ndiye dhalimu. Masahaba wakashangaa, huyo dhalimu watamsaidiaje? Akawajibu kwamba ni kwa kumzuia asiendelee kudhulumu. Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kumbe hata lile shauri la mama, likiendeshwa bila chuki, ni msaada kwake.

Nikakumbuka pia habari ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca tarehe 13 Mei 1981. Siku chache baadaye, akiwa bado hospitali, alitangaza kwamba amemsamehe, na Desemba 1983 akamfuata gerezani Roma, wakakaa wakazungumza. Lakini mlango wa gereza haukufunguliwa siku ile. Ağca aliendelea kutumikia kifungo Italia hadi mwaka 2000, alipopewa msamaha na kurudishwa Uturuki, ambako nako alifungwa kwa makosa mengine. Papa alikuwa ameshamsamehe zamani, na sheria nayo ilikuwa na njia yake.

Wengi tunakosea hapo. Tunadhani kumhurumia mtu mbaya ni kusema hakufanya vibaya. Hapana. Baba mdogo alitudhulumu, na tarehe ya shauri ikifika nitakuwa mahakamani nimekaa upande wa mama. Nyumba ni ya mama na wadogo zangu. Lakini sitaki tena kumwona akiteseka ili roho yangu ifurahi. Kama nikifurahia hilo, nitakuwa nimerithi kutoka kwake kitu kibaya kuliko nyumba.

Jioni nikampigia mama kumweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Machungwa alikula?" Nikasema sijui, aliyaficha. Akaguna. "Safari nyingine mmenyee kabisa, umpe mkononi."

Nitarudi Jumamosi. Je wewe, yupo mtu unayeshindwa hata kumtaja kwenye sala zako?